Hospitali ya Angani ya Maboksi

Nilipigishwa magoti mbele ya mwanaume aliyemvunja mdogo wangu mbavu, nikaambiwa nimuombe radhi. Nikamuomba. Ulimi huu huu unaowachana watu mpaka wanahama mtaa, siku ile ulisema, "Shemeji, nisamehe." Watu wanasema muda unaponya. Unamponya nani? Mimi muda umeninoa tu, kama kisu kwenye jiwe.

Kosa langu lilikuwa kumwita fisi mbele ya watu, pale kwenye geti la hospitali. Kaka yetu, fundi cherehani, akaitisha kikao nyumbani kwake, katikati ya suruali za watu zisizo na pindo. Akasema fisi ni tusi zito kwa mtu anayeokoa roho za wenzake. Maana huyo bwana alikuwa dereva wa gari la wagonjwa. Mtaa mzima ulimwita King'ora. Hata akirudi kula mchana alikiliza king'ora cha gari kidogo ili watoto washangilie. Akipita, wazee wanainuka kumpa mkono. Nani angeniamini mimi, mwanamke ninayejulikana kwa mdomo?

Basi nikapiga magoti. King'ora akaniinua mwenyewe, kwa upole, akanikumbatia huku kaka anapangusa machozi. Sikioni akaninong'oneza: "Akipona hizi, nitamvunja nyingine kwa ajili yako." Na kweli alimvunja. Wapo walionitaka nijilaumu. Sijilaumu ng'o. Nilisema fisi na fisi alikuwa.

Lakini habari hii ni ya mdogo wangu, mimi nimeleta mdomo tu. Maneno yote ya tumbo la mama yetu niliyachukua mimi, yeye akabakiziwa mikono. Tulimwita Maboksi tangu mtoto. Kwetu ukiacha boksi la sabuni mezani, ukirudi lina madirisha. Boksi la viatu lilikuwa ghorofa, na ngazi zake, na mtu mdogo wa njiti ya kiberiti amesimama mlangoni. Mama alikuwa anasema, "Huyu ataishi katika karatasi, mvua ikinyesha mmwokote."

Alipokua akapata kazi kwenye karakana ya mapambo ya maigizo. Wanatengeneza kuta za uongo, milango isiyokwenda popote, mawe ya godoro. Mafundi wanaume walimheshimu kwa sababu alikuwa hapigi kelele na kona zake zilikuwa zinakutana. Hapo ndipo King'ora alipomuona. Alikuja kumchukua fundi aliyekatwa kidole na msumeno, akaondoka na mke.

Mara ya kwanza ilikuwa shati. Kola haikunyooka. Alimshika nywele akamgonga uso kwenye meza ya pasi mpaka meno mawili yakabaki mezani. Halafu, sikilizeni vizuri, halafu akambeba kama bibi harusi, akamlaza ndani ya gari la wagonjwa, akawasha king'ora, magari yote yakampisha. Kufika mapokezi: "Jamani, mke wangu ameteleza bafuni!" Manesi wakamletea kiti, wakamletea chai. "Laiti na sisi tungepata mume wa hivi." Akasimama kichwani kwa kitanda, mkono begani kwa mkewe. Kila sista alipouliza, yeye ndiye aliyejibu. Mimi nilikuwa mguuni kwa kitanda, nikatazama ule mkono. Kidole gumba kilikuwa kimezama pale penye shimo la bega, kinabonyeza, mpaka ngozi imekuwa nyeupe.

Ikawa ndiyo desturi. Anavunja, anabeba, anapiga king'ora, anasifiwa. Bafu lile liliteleza kuliko mto. Sikio lilipasuka kwa kofi, likawa "maji yaliingia." Mbavu zilivunjika kwa teke, zikawa "ngazi." Na kila akitoka hospitali, Maboksi alirudi nyumbani akakuta damu yake imekauka sakafuni inamsubiri aipige deki mwenyewe.

"Sema," nilimwambia. "Sema mara moja tu mbele ya sista."

"Dada, nikifungua mdomo yuko pale."

"Mimi nitasema."

"Ulisema, dada. Uliona."

Hapo aliniweza.

Sasa akaja pale karakana mwanamke mmoja mwenye miwani mikubwa, waliyemwita Dairekta. Anatengeneza filamu ya hadithi ya kubuni: kuna vita huko juu, nyota na nyota zinapigana, na kuna meli moja inayozunguka angani kuokota majeruhi wa pande zote mbili. Meli nzima ni hospitali. Alitaka kwanza mfano mdogo wa kuweka mezani, halafu mafundi wajenge vyumba kwa ukubwa wa watu. Msimamizi wa karakana akamnyooshea kidole Maboksi. "Hospitali anaijua huyu," akasema. Hakuwa na maana mbaya, mjinga wa watu.

Kazi ya mezani akawa anaileta kwangu mchana, maana kwake hakuna kilichokuwa salama. Mimi namenya viazi upande huu, yeye anakata maboksi upande ule. Meli yake ya kwanza ilikuwa na madirisha ya kufungua.

"Wodi inanuka," akasema. "Lazima hewa iingie."

Dairekta alipoona alicheka mpaka miwani ikaanguka. Huko juu hakuna hewa, akamweleza, ukifungua dirisha mnafyonzwa nje wote, na wagonjwa, na vitanda, na sahani. Nikasema basi ndugu wa wagonjwa watapikia wapi? Akasema huko hakuna ndugu. Nikamwambia hiyo si hospitali, hiyo ni jela. Lakini hakuwa na dharau yule mama, alikaa kitako sakafuni kwangu akatueleza mengi. Vitanda lazima viwe na mikanda, la sivyo mgonjwa anaelea. Na damu haidondoki. Inatoka, inajikunja, inakuwa vidonge vyekundu, inaelea.

Maboksi aliacha mkasi. "Haiangukii chini?"

"Haianguki."

"Kwa hiyo hakuna wa kupiga deki."

Dairekta akacheka tena. Mimi sikucheka.

Jambo jingine alilotueleza ni mlango. Kwa sababu nje hakuna hewa, mtu haingii moja kwa moja. Kuna kijichumba katikati ya milango miwili. Unaingia, wa nyuma unafungwa, ndipo wa mbele unafunguka. Maboksi aliuliza maswali mengi juu ya kijichumba hicho kuliko maswali yote aliyowahi kuniuliza mimi maishani. Je, mtu mmoja anaweza kupita na mwingine akabaki? Je, aliyebaki anasikika ndani? Je, anaweza kuvunja? Dairekta akasema, "Meli ni yako, wewe ndiye unayeamua." Sijui kama kuna mtu aliwahi kumwambia neno kama hilo.

Nikawa namtazama anavyoijenga, chumba baada ya chumba, na taratibu nikaanza kuelewa ninachokitazama. Chumba cha meno kilikuwa na kiti kinachogeukia ukutani, ili mtu ateme bila kuonwa. Wodi moja vitanda vyake vimeinuka upande wa kichwa, kwa sababu mwenye mbavu zilizovunjika hawezi kulala chali. Kulikuwa na chumba cha masikio, kuta zake amezibandika pamba, kimya kama kaburi. Nyuma kabisa, kijichumba kisicho na kitu, benchi moja tu na kitasa cha kufungia kwa ndani.

"Na hiki?"

Akapaka gundi pembeni, akabana kwa vidole, akangoja ishike. "Hiki cha mwanangu," akasema. "Yule wa teke."

Sikujua kwamba kulikuwa na mtoto tumboni. Mimi, dada yake. Nilimenya viazi siku ile mpaka vikabaki kama karanga.

Meli ilipokaribia kwisha, King'ora akaja kwangu. Hakubisha hodi, watu wa dharura hawabishi. Akaikuta mezani, imepakwa rangi nyeupe, ndefu kama mtoto wa darasa la kwanza amelala. Akaizunguka mikono nyuma kama mkaguzi.

"Gari la wagonjwa la angani," akasema. "Safi sana, mke wangu. Sasa mbona halina kiti cha dereva?"

Maboksi hakuinua uso. "Linajiendesha."

Jamani! Miaka yote hiyo mwanamke hajajibu, siku anajibu, anajibu vile! Nilicheka. Nilicheka kwa sauti, na kicheko changu hakijamaliza kutoka, meli ilikuwa chini. Aliipiga mateke, akaikanyaga kwa buti, vitanda vikaruka, pamba ikaruka. Halafu akaushika mkono wa kulia wa Maboksi, akaulaza juu ya meza yangu, akachukua mchi wangu wa kutwangia. Akatwanga. Vidole vile vilitoa mlio wa kuni kavu. Nilimrukia mgongoni nikamng'ata sikio nikaonja damu yake, na ninawaambia ilikuwa chungu kama yeye. Akanirusha kwenye kabati. Sahani zote zilishuka kichwani kwangu, na kovu hili hapa kwenye nyusi ni la bakuli langu mwenyewe.

Kisha akambeba kwa uangalifu, akawasha king'ora, wakaenda. "Amebanwa na mlango wa gari." Wakamletea chai.

Maboksi alirudi na mkono umefungwa plasta nyeupe mpaka kwenye kiwiko. Nikajua meli imekufa. Asubuhi yake akaja kwangu na maboksi mapya chini ya kwapa.

"Dada, wewe utakuwa mkono wa kulia."

"Mimi hata karatasi ya sabuni siwezi kuikata ikanyooka."

"Ndiyo maana nitakuonyesha."

Basi tukajenga. Yeye anachora kwa kushoto, mimi nakata. "Si hapo, dada. Hapo umekata injini. Dada, mbona unakata kama unachinja?" Nilimtukana, akacheka, gundi ikatushika nywele. Na mlango ule wenye kijichumba akaufanya mkubwa kuliko mwanzo, akaweka kioo cha nailoni katikati.

Siku ya kuipeleka nilikwenda naye, mimi nimeshika mbele, yeye nyuma. Mafundi wakazima misumeno wakakusanyika. Dairekta akaizunguka, akasifu, akafika mlangoni akasita.

"Huu sijauelewa. Mgonjwa anaingia ndani peke yake. Aliyemleta anabaki amefungiwa hapa katikati, hawezi kuingia, hawezi kutoka. Kwa nini? Si ndiye aliyemuokoa?"

Nikasema moyoni, sasa nijibu mimi. Nikaubana ulimi kwa meno.

"Anabaki mpaka mgonjwa aseme," Maboksi akajibu.

"Aseme nini?"

"Aseme nani kamuumiza." Alikuwa anatazama kioo cha nailoni, si watu. "Mwingine anaumizwa na huyo huyo anayemleta. Mimi huletwa na mume wangu."

Fundi aliyekatwa kidole zamani, yule ambaye kwa ajili yake King'ora alifika pale mara ya kwanza, akakaa chini juu ya ndoo. Dairekta hakulia wala hakumkumbatia, namshukuru kwa hilo. Alisema, "Basi mlango utabaki hivyo hivyo." Na msimamizi akasema, "Leo usirudi kwako." Maboksi akaja kukaa kwangu.

Sasa mtaa hauna mfuniko. Neno likitoka karakana, likipita kwa muuza soda, linafika kwa mwenyewe kabla hujafunga kamba za viatu. Mimi nilijua atakuja. Nikawa nampelekea Maboksi chakula cha mchana kazini kila siku, na ninakaa pale mpaka wafunge.

Alikuja mchana kweupe, king'ora kinalia. Watu wa barabarani walidhani kuna ajali, wakampisha. Msaidizi wake, kijibaba kimoja cha kimya, alibaki kwenye gari. King'ora aliingia na spana ya magurudumu, ile ndefu ya chuma. Wakati huo wodi kubwa ya meli ilikuwa imesimama nusu, ya mbao, na Maboksi yuko juu ya ngazi anapima. Msimamizi akajitokeza, "Bwana, hapa ni kazini," spana ikampata mkononi, mfupa ukachomoza kwenye shati. King'ora akaisukuma ngazi kwa bega. Mdogo wangu akaanguka na mbao mbili juu yake, na kabla hajainuka spana ikashuka kwenye taya, ikashuka begani, ikashuka kichwani.

"Nani kaumizwa? Eh? Sema tena! Nani kaumizwa?" Kila neno na pigo lake.

Mafundi walikuwa wanakuja na nyundo, lakini mimi nilikuwa karibu zaidi. Kwenye jiko palikuwa na sufuria ya gundi ya mbao inachemka, nzito kama uji. Niliinyanyua bila kitambaa, viganja vyangu hivi viliungua, nikammwagia kuanzia shingo hadi mkono wa spana. Gundi ile haimwagiki ikaenda zake. Inakaa. Alilia, jamani, alilia mlio mrefu wa kupanda na kushuka, nikasema leo ndiyo tumekisikia king'ora chenyewe. Mafundi wakamlaza chini, na wakati wanamlaza buti zao hazikukaa bure.

Lakini Maboksi alikuwa anavuja damu kichwani, inaenda kwa haraka. Na gari lililokuwepo lilikuwa lipi? Lile lile. Msaidizi akapakia machela, akashika usukani. King'ora naye akapakiwa, nusu kachunika, na msiniulize kwa nini, mwenye kuungua ni mgonjwa pia, ndivyo walivyosema. Mle ndani, kwa mazoea, akajikokota akakaa kichwani kwa mkewe. Mimi nikajibana katikati yao na viganja vyangu vimevimba kama maandazi.

Mapokezi alikuwepo sista yule yule wa chai. "Kaka King'ora! Kuna nini tena?"

"Mbao zimemwangukia, sista. Na mimi nimeungua nikimuokoa."

Na kidole gumba kikatafuta lile shimo la bega.

Nilifungua mdomo. Wallahi nilifungua. Lakini Maboksi alinitazama kwa jicho moja lililobaki wazi, nikafunga. Akainua ule mkono wa plasta, akaupiga mkono wa mumewe ukaanguka kando.

"Sista," akasema. Taya limekwenda upande, damu inamtoka na maneno. "Mtoe huyu kwanza. Halafu niulize mimi."

King'ora akacheka. "Kichwa hicho, sista. Amechanganyikiwa."

Sista akasimama na sindano mkononi, hajui amtii nani. Ndipo mdogo wangu akapaza sauti. Sikuwahi kusikia sauti yake ikijaa chumba. "Ni yeye! Leo ni yeye. Meno ni yeye. Sikio ni yeye, mbavu ni yeye, vidole ni yeye. Mwanangu ni yeye!"

Foleni nzima ya wagonjwa iligeuka. King'ora akasahau alipo. Miaka yote alikumbuka, siku ile akasahau. Alimpiga ngumi ya uso pale pale kitandani, mbele ya manesi, mbele ya daktari, mbele ya watu waliokuwa wakiinuka kumpa mkono. Akainua ya pili. Mgonjwa mmoja mwenye gongo alilikamata gongo lake kwa ncha akampiga nalo kwenye ule mkono wa gundi. Wabeba machela, wenzake aliokula nao kila siku, wakamwangukia, na hawakumshika kwa upole. Nilisikia pua ikivunjika. Niliisikia vizuri na nikaifurahia.

Sista alikuwa analia. "Tulikuwa tunajua, mama," akaniambia. "Tulikuwa tunasubiri aseme mwenyewe."

"Mngesubiri mpaka asemee kaburini?" nikamwambia. "Chai yenu mlikuwa mnaitia sukari ngapi?"

Polisi walipomtoa, pingu zimekazwa juu ya malengelenge, alipita mbele yangu. Uso umekuwa mpole tena, kama maziwa yaliyotulia. "Shemeji," akasema, "waambie basi. Sisi ni ndugu. Nisamehe."

"Sikusamehi," nikamwambia. "Sikusamehi leo, wala ukiwa mzee, wala ukiwa maiti. Na ukitangulia, usinishikie nafasi."

Nikataka kurudi kwa mdogo wangu. Sista, macho bado mekundu, akaweka mkono mlangoni. "Na wewe pia, mama. Kaa nje. Nataka nizungumze naye peke yake."

Mimi! Nilijaza mapafu niseme la kusema, nikamwona Maboksi nyuma yake ananitikisia kichwa: nenda, dada. Nikaenda. Pazia likavutwa.

Kaka yetu akaja anakimbia, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Akakaa kwenye benchi kando yangu, anahema. "Haya tungeyazungumza nyumbani," akasema.

Nilikuwa nasikiliza. Nyuma ya pazia mdogo wangu alikuwa anasema, polepole kwa sababu ya taya, lakini hakuachia. Anasema, anatema damu, anaendelea. Sista hakumkatiza.

"Kumbe anasema hivi?" kaka akauliza.

"Nyamaza," nikamwambia, "tusikie."